Baraza la saa tisa usiku

Swali: "Nina miaka 36, ni wakala wa M-Pesa, mama wa watoto wawili, naishi Kilifi. Tuna kundi la WhatsApp la ukoo, watu 90 hivi. Lilianzishwa kwa michango ya harusi na misiba, lakini siku hizi ni siasa tupu. Ami yangu, aliyenilea baada ya baba kufariki, ndiye msambazaji mkuu. Mwezi uliopita alituma sauti ya mtu asiyejitaja jina, akidai watu wa wadi yetu wamefutwa kwenye daftari la wapiga kura. Nikamjibu palepale, mbele ya wote, kwamba ni uongo. Akanyamaza. Tangu siku hiyo hatujasalimiana. Sasa kila usiku naamka saa tisa, nachukua simu kutazama kama amejibu, na nikija kushtuka ni saa kumi na moja, nishapita WhatsApp, Facebook na TikTok, moyo unanidunda kwa hasira za watu nisiowajua. Dukani nasinzia, juzi nilimtumia mteja pesa mara mbili. Mume wangu asema simu imenitia uraibu, nizime data siku 21 nitapona. Rafiki yangu ameniuzia miwani ya kuzuia mwanga wa buluu. Mwingine aniambia nitoke kundini kabisa, kwani simu zenyewe zinatusikiliza: tulizungumza habari ya godoro, kesho yake nikaletewa tangazo la godoro. Nitoke? Na ami, nimwombe radhi ilhali ukweli ulikuwa wangu?"

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona simu, miwani, godoro na siku 21. Mara ya pili nikaona neno moja ulilolipita haraka: "Akanyamaza." Kila saa tisa ya usiku unakwenda kutazama kama mtu aliyekulea amekujibu. Simu ni mlango tu unaoupitia kwenda kumtafuta, na ukishauvuka unapotelea ndani. Kwa hiyo una shida mbili zilizolala kitanda kimoja, moja ya usingizi na moja ya ami, na dawa ya hii haiponyi ile.

Nianze na neno uraibu, maana naona limekuchoma. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 inautambua uraibu wa kamari na ule wa michezo ya kompyuta. Kushinda kwenye WhatsApp hakumo. Wataalamu wanaendelea kubishana kama kungefaa kuwemo, nami sina haraka ya kumbandika mtu jina la ugonjwa. Nimefanya kazi na vijana wa heroini hapa Pwani, nikakaa na mama zao, na nakuomba usijihesabu humo. Ulichonacho ni mazoea mabaya yaliyoshika mizizi kwa sababu inayoeleweka.

Sababu yenyewe ni hii. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, aliwafunza njiwa kudonoa kitufe wapate chakula. Njiwa aliyepewa chakula kila anapodonoa alidonoa kwa mpango, na chakula kilipokatika hakukawia kuacha. Yule aliyepewa mara moja moja, bila kujua lini, alidonoa bila kupumzika, na chakula kilipokwisha aliendelea kudonoa muda mrefu. Mvuvi wa mshipi analijua jambo hili bila kwenda maabara. Angekuwa na hakika kwamba hakuna kitu chini angekunja uzi akarudi nyumbani. Kinachomkalisha juani ni yule changu mmoja aliyepanda jana. Wewe ukifungua simu, mara tisa hakuna la maana. Ya kumi binamu kachekesha, au kuna picha ya mtoto mchanga, au huenda, huenda tu, ami amejibu. Hiyo "huenda" ndiyo chambo.

Utasikia watu wakisema ni dopamini, wakiieleza kama sukari ya ubongo. Kazi yake iliyochunguzwa vizuri zaidi ina uhusiano na matarajio: hupanda kinapokuja kizuri usichokitarajia, na ukishazoea dalili inayotangulia kitu hicho, huanza kupanda kwa dalili yenyewe. Ndiyo maana kidole kinaenda kwenye simu hata siku ambayo hujafurahishwa na chochote ndani yake. Tena programu hizi zimejengwa zisiwe na ukingo. Ule mtindo wa ukurasa kuendelea kujipanga kila unapoteremka, bila kufika mwisho, ulibuniwa mwaka 2006 na Mmarekani Aza Raskin, na mwenyewe amesema hadharani kwamba anaujutia. Gazeti lilikuwa na ukurasa wa mwisho. Hata baraza la kahawa huvunjika: kahawa inaisha kwenye dele, mzee mmoja anapiga miayo, adhana ya isha inaita, watu wanaokota viatu. Kundi lenu ni baraza lisilovunjika. Saa tisa ya usiku kuna mtu wa ukoo yuko Doha kazini, yuko macho, na anaandika.

Mumeo, kwa heshima zake, ana nusu ya haki. Ile hesabu ya siku 21 ilienezwa na daktari wa upasuaji, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua kama siku hizo angalau kuizoea sura mpya. Alizungumzia sura, na alisema angalau. Watu wakalidondosha hilo "angalau" njiani. Watafiti wa London walipowafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wastani ulikuwa siku 66, na tofauti ilikuwa kubwa: kuanzia 18 hadi 254. Jambo la kufariji ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Basi ukiteleza usiku wa kumi na tisa usiseme yote yamebomoka. Ile nusu ya haki ya mumeo nitaifikia.

Miwani. Mwanga wa skrini unaathiri kweli homoni ya usingizi, melatonini, lakini tazama kwa kiasi gani. Watafiti wa Boston waliwafanya watu wasome kwenye kioo chenye mwanga mkali saa nne nzima kabla ya kulala, usiku tano mfululizo. Walichelewa kusinzia kwa kama dakika kumi, wakilinganishwa na usiku waliposoma kitabu cha karatasi. Dakika kumi! Na uchambuzi wa jumla wa tafiti za miwani hizo uliotolewa mwaka 2023 haukuona kwamba inapunguza uchovu wa macho, na kuhusu usingizi ushahidi ulikuwa dhaifu, haueleweki. Kinachokukesha wewe ni hasira. Mtu akikutukania kiongozi wako au kabila lako, mwili hauna njia ya kujua kwamba adui yuko ndani ya kioo. Moyo unaenda mbio, damu inajiandaa kwa vita, na wewe umelala chali na khanga. Ungeyasoma maneno yaleyale kwenye karatasi kwa taa ya kandili, bado usingelala.

Sasa, kwa nini saa tisa hasa? Usingizi huenda kwa mizunguko, kila mmoja dakika 90 hivi, na baina ya mizunguko karibu kila mtu huibuka kidogo: anageuka, anavuta shuka, anazama tena, asubuhi hakumbuki. Karibu na alfajiri usingizi wenyewe huwa mwepesi zaidi. Wewe huibuki zaidi ya mumeo. Tofauti ni kwamba wewe ukiibuka una kazi ya kufanya, na mwili ukishajua kuna kazi saa tisa unakuamsha kama karani mwaminifu. Mlezi wa mtoto mchanga hupata hali hiyohiyo: mtoto ameshaacha kunyonya usiku, mama bado anafumbua macho.

Kumwachisha kazi karani huyu kuna njia ya zamani iliyopimwa vizuri. Richard Bootzin aliieleza mwaka 1972, na hadi leo ni sehemu ya tiba ya kukosa usingizi isiyotumia dawa. Msingi wake ni kwamba kitanda kiwe na maana moja: kulala (na mambo ya mume na mke, hayo yameruhusiwa). Kwa hiyo simu ilale sebuleni. Usiiweke chini ya mto ikiwa imezimwa, wala mezani pembeni ukijiahidi hutaigusa. Hapa ndipo mumeo anapopata ile nusu yake: zima data unapoingia kulala, acha mlio wa simu wazi. Data ikizimwa WhatsApp inanyamaza, lakini mama mgonjwa au mteja mwenye dharura bado anaweza kukupigia. Nunua saa ya mezani ya kukuamsha, kisha uigeuzie ukutani, kwa sababu kujua kwamba ni saa tisa na robo hakujawahi kumlaza mtu. Ukiibuka na ukaona dakika kama 20 zimepita, kwa kukisia, hulali, inuka. Kaa kiti cha sebuleni kwenye mwanga hafifu, fanya jambo la kuchosha: kunja nguo, soma nyiradi, chagua mchele. Ukihisi macho mazito, rudi. Usiku tatu wa kwanza utaniona mshauri mbaya. Na hata ulale saa ngapi, amka saa ileile, ikiwemo Jumapili.

Ah, na kahawa. Hukuiandika, lakini ninajua Kilifi. Nusu ya kafeini uliyokunywa saa kumi na mbili jioni ingali mwilini saa tano usiku, na chai ya rangi iliyokolea ina yake. Ijaribu bila kitu hicho baada ya adhuhuri, wiki mbili tu.

Habari ya simu kutusikiliza nitaipitia haraka. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern huko Marekani walichunguza programu zaidi ya 17,000 za Android na hawakupata hata moja inayorekodi mazungumzo kwa siri na kuyapeleka kwa wenye matangazo. Walipata baadhi zikirekodi yanayofanyika kwenye skrini, jambo ambalo si dogo. Godoro lina maelezo rahisi zaidi: ulilitafuta, au mliyekuwa naye alilitafuta mkiwa mahali pamoja, na kampuni za matangazo zinajua nani alikuwa karibu na nani, ana umri gani na ananunua nini. Isitoshe, umeonyeshwa matangazo mia ya vitu usivyovizungumzia na hukuyakumbuka hata moja. Ukitaka, ingia kwenye mipangilio ya simu, tazama ni programu zipi zimeruhusiwa kutumia maikrofoni, na uzinyime zisizoihitaji. Kuhusu kundi, maneno ya WhatsApp yamefungwa njiani tangu mwaka 2016 kiasi kwamba hata kampuni haiyasomi. Hatari iko kwa wale 90, ambao kila mmoja anaweza kupiga picha skrini.

Basi utoke? Nimewaambia watu wengine watoke. Wewe sikuambii hivyo, nami nitakueleza kwa nini, pamoja na yanayonipinga.

Kabla ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2018, watafiti waliwalipa watu wazime akaunti zao za Facebook kwa wiki nne. Kila mmoja alirudishiwa kama saa moja kwa siku. Misimamo ya kisiasa ikalegea kidogo, furaha ikaongezeka kidogo, lakini pia wakawa hawajui habari kama walivyokuwa wakijua. Ushahidi huo unamfaa anayekushauri utoke. Baadaye jaribio la namna hiyo likafanyika Bosnia, nchi iliyopigana vita vya kikabila, katika siku za kumbukumbu ya mauaji yake. Huko waliozima walijikuta na mtazamo mbaya zaidi juu ya makabila mengine, hasa wale waliokaa sehemu za watu wa kabila lao tu. Walipoondoka mtandaoni walibaki na majirani wanaofanana nao. Kwa hiyo swali langu kwako ni kwamba ukitoka, utabaki na nani?

Nawe una jambo ambalo Wamarekani wale hawakuwa nalo. Kundi lenu ndilo linalotangaza maiti anazikwa saa ngapi. Tangu mwaka 2022 WhatsApp humwarifu admini peke yake mtu anapotoka, lakini jina lako hubaki siku 60 kwenye orodha ya waliotoka, na wewe unawajua shangazi zako kuliko ninavyowajua mimi. Kabla ya adhuhuri itakuwa umetoka kwa sababu ya ami. Kisha kutakuwa na msiba, utachelewa kujua, na kosa la kutofika maziko halifutiki kwa kusema uliondoka kwa afya ya akili.

Kwa hiyo baki, lakini uwe mgeni. Lizime kundi sauti moja kwa moja, ulihamishie kwenye kumbukumbu ili lisijitokeze kila ujumbe unapoingia. Lifungue mara moja kwa siku, saa ya mchana uliyojichagulia, dukani wateja wakipungua. Zima pia upakuaji wa video na sauti unaojifanyia wenyewe. Utaokoa bando na itabidi uamue kila unachokisikiliza. Halafu kuna pendekezo ambalo nimeliona likifanya kazi katika koo tatu nne: lifunguliwe kundi la pili, la matangazo peke yake, ambamo maadmini tu ndio wanaoandika. Harusi, misiba, michango. La kwanza libaki la maneno. Usilipendekeze wewe, kwani litaonekana ni vita vyako na ami vikiendelea. Mtafute shangazi mmoja anayesikilizwa, aseme ni kwa sababu tangazo la kilemba cha bi arusi lilipotea kati ya hotuba.

Nafika kwa ami. Hapa ndipo nitakapokawia.

Ukweli ulikuwa wako, naam, au tuseme uliuwahi kabla ya kuuhakikisha. Mahali ndipo hapakuwa pako. Mtu aliyekulipia karo alisimamishwa mbele ya watu 90 wa ukoo akaitwa mwongo na mtoto aliyemfundisha kusema. Najua hukumwita mwongo. Ulisema ujumbe ni uongo. Jiulize yeye alisikia lipi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi wa kundi una ubaya wa ziada kwamba haumezwi tena, watu wanarudi kuusoma.

Kisha jaribu kuiona sauti ile kwa sikio lake. Sisi tuliosoma tunapenda kudhani wazee wanasambaza uongo kwa sababu hawajui simu. Wengine ndiyo hivyo. Lakini uvumi unaoshika ni ule unaokaa juu ya donda la kweli. Mzee wa Pwani anakumbuka watu wa kwao wakihojiwa na kamati za uhakiki, jina la babu, jina la babu wa babu, kabla ya kupewa kitambulisho, ilhali Wakenya wengine walikuwa wakipewa chao bila maswali hayo. Anakumbuka ghasia za baada ya uchaguzi wa mwisho wa 2007, kabla WhatsApp haijakuwepo, SMS za chuki zikizunguka na zaidi ya watu 1,100 wakafa nchini. Kwa mtu huyo, habari kwamba majina yamefutwa haina haja ya ushahidi mwingi. Imeshafanana na aliyoyaona. Ongeza kwamba aliipata kutoka kwa watu watano. Tangu mwaka 1977 wanasaikolojia wameonyesha kwamba sentensi iliyorudiwa huaminika zaidi ya mpya, hata ikiwa ya uongo. Ukiisikia mara ya tano, ubongo unakosea: ule wepesi wa kuitambua unauona ndio ukweli wake.

Uongo wenyewe unapewa miguu mirefu. Uchambuzi wa habari kama 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017, uliotolewa mwaka 2018, ulionyesha kwamba za uongo zilikuwa na nafasi kubwa zaidi kwa asilimia 70 ya kusambazwa, na za kweli zilichukua muda mara sita zaidi kuwafikia watu 1,500. Na watafiti hao walipoangalia programu zinazojiendesha wakakuta si hizo zinazoleta tofauti hiyo, ni watu. Ni mimi na wewe na ami, tukivutiwa na jipya la kushtua. WhatsApp yenyewe imekiri kwa namna fulani. Mwaka 2019 ilipunguza idadi ya mazungumzo ambayo mtu anaweza kuyapelekea ujumbe kwa mkupuo hadi matano, na Aprili 2020 ikaamua kwamba ujumbe uliokwisha pita mikono mingi upelekwe sehemu moja kwa wakati. Ujumbe wa namna hiyo huwa na mishale miwili juu yake. Mwonyeshe ami mishale hiyo siku mkiwa mmekaa vizuri. Haithibitishi kwamba ni uongo. Inakwambia tu kwamba aliyekutumia hakuwa karibu na aliyesema.

Kuna dhana nyingine niiondoe njiani, kwamba ukimsahihisha mtu atazidi kushikilia. Ilivuma sana baada ya utafiti wa mwaka 2010, lakini waliojaribu kuirudia kwa masuala mengi zaidi waliiona kwa nadra mno. Watu wengi husogea kidogo wakipewa taarifa sahihi, ingawa kusogea huko hakudumu sana na mara nyingi hakubadili wanayempenda. Ami anaweza kukubali kwamba sauti ile ilikuwa ya uongo na bado asimpende mbunge wenu. Usimdai zaidi ya hapo.

Kuhusu radhi: mwombe, kwa kilicho chako tu. Nenda kwake kwa miguu. Usiandike, usitume sauti, usimpitishe mkewe. Nenda alasiri moja, na kama ulivyofundishwa, usiende mikono mitupu. Mpe shikamoo yake. Kisha sema kwa ufupi: "Ami, nilikosea kukujibu mbele ya watu. Nilipaswa kukujia hapa." Usiongeze "lakini". Hukusema kwamba majina yalifutwa, wala hakuna anayekutaka useme. Ukimaliza hapo, nyamaza, hata kimya kikiwa kizito. Akiuliza kama basi unakubali ilikuwa kweli, mwambie hujui kwa hakika, na kwamba jambo hili si la kubishana kwani linatazamika: wewe na yeye mnaweza kwenda na vitambulisho vyenu hadi ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya eneo bunge lenu mkaulize majina yenu. Mwambie mwende pamoja. Uchaguzi mkuu kwa mujibu wa katiba ni tarehe 10 Agosti 2027, na jina likiwa na tatizo ni afadhali lijulikane mapema. Huenda akawa na haki katika jina moja. Daftari la mamilioni ya watu halikosi makosa. Mkikuta hivyo, uwe mtu wa kwanza kuandika kundini kwamba ami alisema kweli kwa jina hilo.

Anaweza kukataa. Sitakuficha, wapo wazee wanaokaa na kinyongo hadi kaburini, na mwombaji radhi hana mkataba wa kusamehewa. Hata hivyo utakuwa umelifunga upande wako, na saa tisa ya usiku haitakuwa na ujumbe wa kusubiriwa.

Usidhani nakuambia uachane na siasa. Juni 2024 tuliona Wakenya wakitafsiri Mswada wa Fedha kwa lugha zao na kuusambaza kwa simu hizihizi, na rais akakataa kuutia saini siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bunge. Watu waliuawa, na wasingejulikana upesi vile bila simu. Anayesema siasa haikuhusu wewe mwenye duka hajawahi kukaa nyuma ya kaunta ukipanda ushuru wa kutuma pesa. Lakini jipime: katika saa mbili za kila usiku kwa mwezi huu, umejua nini kuhusu wadi yako? Bajeti ya kaunti lazima ipitie kikao cha maoni ya wananchi, na huwa kuna viti vingi vitupu. Kikao kimoja cha asubuhi kina siasa zaidi ya usiku wote uliokesha.

Yako mambo ambayo barua haiwezi kuyatibu. Ikiwa utafuata niliyokueleza na bado unakosa usingizi angalau siku tatu kwa wiki, na imefika miezi mitatu, huo ni ugonjwa wenye jina na tiba. Nenda kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti, uulize tiba ya usingizi kwa mazungumzo. Usiende dukani kununua vidonge vya kulala, hivyo vina uraibu wa kweli. Mumeo akikuambia unakoroma hadi pumzi inakatika, hiyo ni ya daktari wa mwili na haina uhusiano na ami. Ukiona wiki mbili zimepita huna hamu ya chochote, hata watoto wanakuwa mzigo, au unajiwazia bora usiwepo, usingoje niandike tena. Nenda siku hiyohiyo, au piga 1199, ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, haina malipo. Na kwa wiki hizi chache ambazo bado una usingizi kichwani, mfanye kila mteja akusomee namba na kiasi kwa sauti kabla hujabonyeza. Watafikiri ni utaratibu mpya.

Miwani, kama risiti unayo, irudishe.

Na ukifika kwa ami, akakufungulia, akakukalisha, akakumiminia chai, kisha badala ya kuzungumza habari zenu akaanza kukusimulia sauti nyingine aliyotumiwa jana, mwache aimalize. Halafu mwulize, taratibu, ni nani aliyemtumia.